Bustani ya Kukunja

Kwa miaka mingi nilikana kwamba naogopa. Nilikana mbele ya jirani yangu, mbele ya mama yangu, na mbele ya wasomaji ambao hawakuwa wameuliza. Nilisema nimeweka mipira ya kumwagilia kwa matone bustanini kwa sababu Eldoret, mvua ikishakatika, maji huwa ya kubembeleza mpaka Machi au zaidi. Hiyo ni kweli. Nilisema sipandi mti wowote kwa sababu kwetu, upande wa Kakamega, mwanamke hapandi mti: akipanda ni kama ametangaza kuwa boma ni lake, na mabaya yatamfuata mumewe. Hiyo nayo ni kweli, ila mimi sina mume wa kufuatwa, na miaka hiyo yote gazeti lilikuwa likinilipa kuandika makala za kucheka mila za aina hiyo. Nilizicheka zote nikabakiza moja, nikaitunza kama mwavuli.

Ukweli ni kwamba nilitaka bustani ninayoweza kuikunja, nikaifunga kamba, nikaondoka nayo.

Uchaguzi wa mwishoni mwa 2007 ulinikuta kwenye nyumba ya kupanga upande mwingine wa mji, nikifundisha chuoni. Nyuma ya jikoni nilikuwa na nyanya, za kwanza kupanda kwa mkono wangu, na nilizimwagilia kila jioni kwa keni iliyotoboka, nikizisemesha kwa sauti ambayo wanafunzi wangu hawakuwahi kuisikia. Jioni ile matokeo yalipotangazwa, na moshi ukaonekana juu ya mabati ya mtaa wa pili, nilikuwa nimefika katikati ya mstari. Mtu akapita mbio akipiga kelele tutoke. Niliweka keni chini nikatoka. Sitasimulia siku za kulala kwenye uwanja wa kanisa, wala safari ya lori kuelekea kwetu tukifuata gari la polisi. Walioteseka kunizidi ni wengi, na hawana safu gazetini.

Niliporudi, chuo kilipofunguliwa, nyumba ilikuwa imesimama. Vioo vya dirisha vilikuwepo. Hata sufuria niliyoiacha mezani ilikuwa mezani. Kilichokufa ni nyanya. Januari ya huku ni jua na upepo mkavu, na hakukuwa na mtu wa kumwaga hata kikombe. Zilikuwa zimekauka zikiwa wima, zimefungwa kwenye vijiti vyake, kila moja na matunda yake madogo meusi. Nikalia. Watu walikuwa wamelilia watu, na mimi, mwenye digrii mbili, nilisimama nyuma ya jikoni nikililia nyanya. Keni ilikuwa pale pale nilipoiweka.

Kwa akili ya kawaida ningehama. Badala yake, miaka michache baadaye, nilinunua kipande cha ardhi Kiplombe, pembeni mwa mji ule ule, nikajenga nyumba ndogo. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi niliyeumwa nilikwenda kujenga karibu na shimo, ila mlango nikauelekeza barabarani. Gari langu niliegesha kila siku likitazama geti. Nilipoketi kusoma niliketi upande wa kuona geti. Nikisikia pikipiki ikipunguza mwendo, sentensi niliyokuwa nikiandika ilikatika, na wasomaji waliosifu mtindo wangu wa sentensi fupi hawakujua kwamba wanasifu bodaboda.

Jirani yangu wa upande wa juu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mjane, mwenyeji wa hapa toka enzi za babu yake. Alikuwa na ng'ombe, na mahindi yaliyosimama kwa mistari kama darasa linalosubiri kukaguliwa kucha. Nilimwita Mwalimu, kama kila mtu. Yeye aliniita Mwandishi, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. Baina yetu kulikuwa na ua wa kayaba wenye miiba mirefu, na penye pengo ndipo tulipozungumzia.

Mipira ya matone niliiweka katika kiangazi kilichotangulia uchaguzi wa 2013. Ploti yangu inateremka kutoka kwenye ua huo hadi geti. Mtu yeyote mwenye macho angeweka pipa la maji huko juu, maji yashuke yenyewe. Mimi nililiweka chini kabisa, kando ya geti. Nilijiambia ni karibu na mfereji wa kuchotea maji. Sababu yenyewe ni kwamba hapo ndipo pikapu ingefika kinyumenyume, pipa likapakiwa kabla ya mtu kumaliza kuuliza kuna nini.

Nilikuwa nimesoma maelezo yote kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Pipa juu ya mawe, koki, kichujio cha kuzuia takataka, bomba kuu, kisha mipira myeusi myembamba yenye vitundu, mmoja kwa kila mstari wa sukuma wiki na mboga nyingine, vitundu vikitazama juu ili tope lisivizibe, na mwisho wa kila mpira umekunjwa na kubanwa. Nilichomeka vijiti kila mahali ili mipira isitangetange. Nilishinda magotini. Kisha nikafungua koki. Mstari wa karibu na geti ukatoa matone, nikapiga makofi peke yangu. Wa pili ukalowa kidogo. Mistari mingine yote, kupanda hadi kwenye ua, ilikaa kimya kama wanafunzi walioulizwa nani amesoma kitabu.

"Mwandishi." Sauti ilitoka kwenye pengo la ua. "Siku hizi maji inapanda mlima?"

"Ni presha, Mwalimu. Inajipanga."

"Inajipanga. Na hii sukuma imelazwa? Mbona umeiwekea dripu?"

"Ni ya kuokoa maji. Kila mmea unapata tone lake pale kwa mizizi."

"Tone!" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Ng'ombe yangu nikiipimia maji kwa tone itanipiga teke mbele ya watu. Na hiyo pipa, nani alikwambia uiweke kwa geti?"

"Ni karibu na mfereji."

"Mfereji ni paipu. Paipu inaenda popote." Aliangalia pipa, akaangalia gari, akaniangalia mimi. Walimu wakuu wamezoea kuangalia kioo kilichovunjika, kisha mpira, kisha mtoto. "Unaenda wapi?"

"Mimi? Siendi mahali."

"Gari yako hukaa kama mbwa inangoja kufunguliwa. Pipa iko kwa geti. Na umepanda tu vitu za kuiva haraka, sukuma, dania, spinachi. Hakuna hata mti moja ya dawa. Si upande hata avokado?"

"Kwetu mwanamke hapandi mti, Mwalimu. Ni mila."

"Ati mila." Alitamka kama mtu aliyekuta nywele kwenye chakula. "Na ile gazeti ya juzi, ukiambia wazee mila zao zimeoza, ni dada yako aliandika?"

Nikainama kuzibua kitundu ambacho hakikuwa kimeziba. Kesho yake tulilivingirisha pipa kupanda juu, mimi nikisukuma, yeye akiamrisha, tukaliweka juu ya mawe karibu kabisa na ua wake. Nilipofungua koki, matone yakaanza mstari baada ya mstari, bila kelele, kila tundu na doa lake dogo jeusi kwenye udongo. Mwalimu aliinama akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwa mtu aliyekuwa anacheka jana.

"Unajua ile wakati mbaya, mimi pia nilikimbia," akasema bila kuinua kichwa.

"Wewe? Si hapa ni kwenu? Ulikuwa unakimbia nini?"

"Nyinyi watu wa kuja. Watu walisema mnakuja na malori, mchome kutoka Kiplombe hadi juu. Nikaenda Kaptagat kwa dada yangu, nikaacha ng'ombe. Nilirudi nikapata moja matiti imeharibika kwa kukosa mtu wa kukamua. Hiyo ng'ombe iliniangalia, Mwandishi. Sijawahi kuangaliwa hivyo na binadamu."

Nilikuwa nimeshamsimulia kisa cha nyanya. "Kwa hivyo mimi nikiwa kwa lori nikiwakimbia nyinyi..."

"Mimi niko Kaptagat nakukimbia wewe. Na ungekuja na nini? Keni?"

Tulicheka. Halafu kicheko kikaisha kabla ya wakati wake, na tukabaki tunatazama matone. Sikumuuliza wanawe, ambao wakati ule walikuwa vijana, walikuwa wapi siku zile. Naye hakuniuliza nilichowahi kukisema juu ya watu wake kule kwenye uwanja wa kanisa, ambako nilisema mengi. Kila mmoja alirudi upande wake wa ua.

Mtu angedhani hapo nilipona. Wiki moja kabla ya kura, alfajiri, nilichomoa mipira yote kutoka kwenye bomba kuu, nikaikunja duara duara, nikaisokomeza kwenye gunia, nikalitia kwenye buti la gari. Mwalimu alikuwa anakamua. Alinitazama kupitia pengo, kichwa kikiwa ubavuni mwa ng'ombe.

"Safari njema," akasema.

"Naenda tu kusalimia mama."

"Msalimie. Mwambie mipira inamsalimia pia."

Hakuna kilichotokea. Niliporudi nilikuta mji umetulia na bustani imekauka, kwa maana Machi ile haikuwa na mvua, na mimi nilikuwa nimeondoka na maji yake. Niliokoa plastiki nikaua mboga. Mistari miwili tu ya karibu na ua ilikuwa hai. Mwalimu aliifikia kwa ndoo kupitia kwenye miiba, na mikwaruzo ya mikono yake alisema ni ya paka. Hakuwa na paka.

Ungetarajia basi nijifunze. Uchaguzi uliofuata ulikuwa wa Agosti, mvua ikinyesha kila alasiri, mipira haina kazi yoyote, na bado niliikunja. Mwaka ule kura zilirudiwa, nami nikarudia kukunja. Nilikuwa nimekuwa hodari. Ningeweza kuivua bustani nguo kabla ya chai kuchemka. Kati ya uchaguzi na uchaguzi niliitandika tena, nikasafisha vichujio, nikazibua vitundu kwa sindano, nikaandika makala kuhusu uvumilivu.

Na kila mvua za Aprili, Mwalimu alileta mche wa avokado kwenye mfuko mweusi wa plastiki, akauweka kwenye pengo la ua, upande wake. "Huyu ni wako. Utamchukua ukiwa tayari." Nilishukuru, nikataja mila. Ilipofika Juni, mizizi ikiwa inatoboa mfuko, aliuchukua akaupanda shambani kwake. Mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo kando ya ua, upande wa pili, ulisimama mstari wa miti iliyokuwa yangu, mikubwa kwa midogo, na ile ya mwanzo ikaanza kuzaa. Matunda yakianguka upande wangu alinidai niyarudishe.

Mwaka wa 2022 nilichoka. Si kuchoka kwa kazi. Nilichoka kusikiliza pikipiki. Mfanyabiashara wa viazi kutoka Timboroa alikuwa akitafuta ploti ya kujenga ghala, na mtu akamwelekeza kwangu. Alitembea kutoka geti hadi ua akiwa ameweka mikono mfukoni.

"Hii nimeipenda, Madam," akasema. "Haina miti. Hakuna kitu ya kung'oa."

Nilitabasamu kama mtu aliyesifiwa. Neno lake liliniingia chini ya ngozi na halikutoka. Miaka yote hiyo, na mgeni anaweza kuzungusha macho mara moja akaona kama hapaishi mtu. Hata hivyo sikumkatalia. Nilimwambia nitampa jibu kura zikiisha, na nilijua jibu litakuwa ndiyo. Nilikuwa nimeshamuuliza ndugu yangu juu ya nyumba za kupanga Kakamega. Mwalimu sikumwambia. Nilijiambia nitamwambia mambo yakishakamilika, ambayo ndiyo njia ya heshima ya kumkimbia mtu mzima.

Agosti, nikakunja. Safari hii Mwalimu hakuniambia safari njema. Aliniangalia tu, akarudi kwa ng'ombe wake.

Kwa mama yangu hatukuwa na la kufanya ila kungoja matokeo. Redio ilisoma hesabu za vituo, ikazirudia, ikaleta wataalamu wa kueleza kwamba bado hawajui. Nilikuwa naamka, naketi, natoka nje kutazama gari kama lipo, narudi. Gunia la mipira nililishusha kutoka kwenye buti nikaliweka mlangoni mwa jiko, nikaona linanitazama, nikalisogeza.

"Keti," mama alisema. "Unanizungusha kichwa." Alikuwa anakata avokado la kula na ugali, kubwa, kutoka kwenye mti ulio nyuma ya jiko lake.

Ili niseme kitu, nikauliza, "Mama, huu mti alipanda baba mwaka gani?"

"Baba yako? Baba yako hakuwahi kupanda hata kitunguu. Huu nilipanda mimi."

"Lakini si mwanamke hapandi mti?"

"Hapandi," mama akakubali, akaondoa kokwa kwa ncha ya kisu. "Baba yako alikuwa kazini Nairobi. Aliporudi likizo akakuta umefika magotini, akaniuliza ni nani amepanda. Nikamwambia ni ndege."

"Akaamini?"

"Alikula."

Niliketi, kwa mara ya kwanza siku ile. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mila ambayo aliyenilea mwenyewe aliipita ubavuni akiwa amebeba mche. Sikuwa na mwavuli tena. Ndipo simu ikalia, na jina lililokuja lilikuwa la Mwalimu.

"Mwandishi, uko hai?"

"Niko hai. Huko kuko aje?"

"Kumetulia. Watu wako kwa nyumba wanangoja redio. Mimi nimechoka kungoja redio. Nimepanda miti."

"Vizuri, Mwalimu."

"Kwako."

Nikasimama tena. Asiyetoka huku hawezi kujua neno hilo lilivyonishukia. Mti si mboga. Mtu akipanda mti kwenye ardhi ya mwenzake, amesema jambo, na watu wamefukuzana kwa jambo dogo kuliko hilo. Nikajiambia, ndiyo hii sasa. Haikuja na moshi, imekuja na miche.

"Kwangu wapi?" nikauliza.

"Kwa mistari yako ya dripu. Ulibeba mipira ukaacha vijiti. Nimefuata vijiti. Avokado, kutoka kwa ua mpaka kwa geti."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Kwa sababu ya mtu wa viazi."

Nilimgeuzia mama mgongo.

"Ulidhani sitajua? Eldoret hii ni kijiji. Amekuja tena na mtu wa kupima, akaniuliza mimi kama mwenyewe bado anakaa hapa, kwa sababu anaona ni kama iliachwa. Nikaangalia. Pipa tupu. Laini tupu. Geti na kufuli. Kweli ilikaa kuachwa. Nikashindwa kumjibu." Nikasikia ng'ombe nyuma yake. "Niliona aibu. Ni kama ni mimi nimekufukuza."

"Si wewe, Mwalimu."

"Sasa ni nani? Mimi ndiyo jirani. Ukienda, watu watauliza alikuwa anakaa karibu na nani. Lakini ukitaka kuuza, uza. Mimi si mama yako. Uuze tu ikiwa na miti, ndiyo ikuume."

"Unajua kwetu mwanamke..."

"Hukupanda. Nimepanda mimi. Kwetu hata wanawake tunapanda. Mila yako iko salama, haijaguswa."

Mama alikuwa ameacha kisu, sikio lote liko kwangu. "Mwambie aseme ni ndege," akanong'ona, kwa mnong'ono wa watu wazee, unaofika barabarani.

"Mama anasema tukiulizwa tuseme ni ndege wamepanda."

"Ndege gani hao, wanapanda kwa laini?" Mwalimu akacheka, kile kicheko cha kushika kiuno, na safari hii kiliachwa kikaisha chenyewe. Kisha sauti yake ikarudi kuwa ya ofisini. "Sikiza. Mvua ikikatika hizi zitataka maji. Mimi kwa ndoo siwezi tena, magoti imekataa. Na huyu mtu wa viazi yuko hapa kwa geti yako saa hii, ameshika kufuli, ananiangalia nikiongea na wewe. Nimwambie nini?"

Gunia lilikuwa kando ya mlango, bado limefungwa kamba. Kwenye redio walikuwa wanasoma kituo kingine.

"Mwambie asikanyage miche," nikasema.